Tuliwafuata Wenye Ngamia Hadi Wajir

(Haya ni maneno tuliyoyasema, sisi mume na mke, mbele ya mkutano wa vikundi vya wakulima na wafugaji wa upande wa Mwingi. Mhariri ametuomba tuyaandike ili na wale ambao hawakufika siku ile wayasome na kuyajadili vikundini.)



Tumeambiwa tueleze safari yetu ya hema. Tunajua wengine wenu mmekuja kucheka kidogo, na si vibaya. Mlituona Agosti 2023 tukifunga hema la mtumba juu ya pikapu yetu kuukuu, mkauliza: hawa wazee wana nini? Mwalimu mstaafu na muuguzi mstaafu, badala ya kukaa nyumbani na wajukuu, wanakwenda kulala nje Garissa? Hata watoto wetu walitupigia simu wote siku moja, kama waliopatana. Mmoja alilia.

Basi leo tutasema kwa nini tulikwenda, tuliona nini, na mwishoni tutawaomba jambo moja. Jambo hilo ni gumu kidogo, kwa hiyo tuvumilieni mpaka mwisho.

KWA NINI TULIKWENDA

Mnakumbuka ule ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, tano mfululizo. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa. Huku kwetu tulikula mbegu. Mwisho wa 2022 mvua ilikuwa haba, lakini ndengu hazitaki maji mengi. Ekari zetu mbili zilizaa, na tulihesabu kupata magunia manne. Tulishaahidi karo ya mjukuu kutokana na magunia hayo.

Januari 2023 tuliamka asubuhi tukakuta ngamia ndani ya shamba. Walikuwa wengi, na hatukuweza kuwahesabu. Walichobakiza ni mashina. Miche yetu ya maembe ilivunjwa yote. Wachungaji walikuwa vijana wawili, wembamba, midomo imekauka, Kiswahili hawajui. Tulipiga kelele, majirani wakaja na mapanga, vijana wakaondoka na mifugo yao kuelekea Ukasi. Yaliyofuata mnayajua, na tutayarudia baadaye.

Mmoja wetu, kwa tabia ya ualimu, alichora kwenye daftari chapa aliyoiona kwenye shingo za wale ngamia. Tulikwenda kueleza shida yetu kila ofisi tuliyoelekezwa, na kila ofisi ikatuelekeza nyingine. Mwishowe mama akasema, "Kwani hawa ngamia hawana kwao? Twende kwao tukaone."

Hiyo ndiyo asili ya safari. Tulisema tutakwenda polepole, tutalala kwenye hema kwa kuwa pesa ya hoteli hatuna, na tutaona nchi ya jirani zetu ambayo kwa miaka yote tumeiona kwenye magazeti tu, tena siku za mabaya.

BARABARA YA GARISSA

Kutoka Mwingi hadi Garissa ni yapata kilomita 200, lami mwendo wote. Ukipita Nguni na Ukasi milima inaisha, na joto linakupokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko. Baada ya Bangale unaona kichaka upande huu na upande huu, na barabara imenyooka mpaka unasinzia. Dikidiki wanavuka wawili wawili. Mzee akasema, "Hata hawa wanatembea mume na mke."

Kila kizuizi cha polisi tulisimama, tukatoa vitambulisho, tukasema tunakokwenda. Polisi mmoja kijana alitazama hema, akatutazama sisi, akauliza kama tumefukuzwa nyumbani.

Kabla ya mji kuna Madogo, halafu daraja la Mto Tana. Tulisimamisha gari mbele ya daraja tukashuka kutazama. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, na kando yake kijani kitupu: migomba, maembe, matikiti, vitunguu. Sisi tuliofikiri Garissa ni mchanga mtupu tulishangaa. Mkulima mmoja alitueleza kwamba anavuta maji kwa pampu ya dizeli, na kwamba adui zake ni wawili: viboko wakati wa kiangazi na mto wenyewe wakati wa mafuriko. Hilo la mafuriko tulilielewa baadaye. Novemba 2023, miezi mitatu tu baada ya sisi kupita, maji yalikata barabara kati ya Madogo na mji. Tena Aprili 2024, mahali panapoitwa Kona Punda, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka na watu wakafa maji.

MJINI GARISSA

Mji ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Soko la Suuq Mugdi lina vichochoro vyembamba vilivyofunikwa juu, mchana ni giza, na ndani kuna nguo, manukato, masufuria na simu. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia wanakaa safu moja na mitungi yao. Maziwa yana harufu ya moshi, kwa sababu chombo hufukizwa kwa kijiti kinachowaka ili maziwa yasiharibike upesi. Mama alipouliza bei kwa Kiswahili chetu cha Ukambani, muuzaji akacheka, akajibu kwa Kikamba! Alikuwa amekaa Mwingi miaka sita akiuza nguo. Akatupa kikombe cha kwanza bure.

Asubuhi tulikula anjera na chai yenye viungo. Mchana wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Wenyeji wanakula ndizi pamoja na wali, jaribuni.

Lakini tulikuwa na jambo jingine mjini. Tulikwenda mpaka kwenye lango la chuo kikuu, tukasimama kando bila kusema. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu kama sisi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na siku ile tuliona vijana wakiingia na kutoka na vitabu. Tuliomba kimoyomoyo, tukaondoka.

Tusiseme hadithi nusu, ndugu zetu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji ule yalishambuliwa Jumapili asubuhi, na waumini waliuawa. Hiyo tuliisikia sote. Wangapi tulisikia kwamba baada ya hapo viongozi wa Waislamu walikubaliana vijana wao walinde makanisa? Na Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa karibu na El Wak na washambuliaji wakataka Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa Januari 2016 kwa majeraha. Baadaye taifa lilimtunuku nishani. Huyo alikuwa mwalimu mwenzetu. Mzee hawezi kulitaja jina lake bila kunyamaza kidogo.

TWIGA WA BOUR-ALGI

Usiku wa kwanza tulilala nje kidogo ya mji, kusini, kilomita tano hivi, kwenye hifadhi ya twiga ya Bour-Algi. Hifadhi hii ni ya wananchi wenyewe, ilianza katikati ya miaka ya 1990. Tuliomba ruhusa kwa wanaoitunza, wakatuonyesha mahali pa kupiga hema karibu na boma lao.

Jioni twiga walikuja. Si mmoja au wawili, bali kundi, wamesimama katikati ya migunga kama nguzo za simu. Madoa yao yana mistari myeupe iliyonyooka, kama ukuta wa mawe uliotiwa chokaa. Mbuzi wa wenyeji wanapita chini ya miguu yao na hakuna anayemjali mwenzake. Tuliona na swala-twiga, yule anayesimama kwa miguu miwili kula majani.

Mzee mmoja wa hapo alituambia kwamba wakati wa ukame walibeba maji kuwapelekea twiga, hali wao wenyewe wananunua maji kwa mtungi. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Mgeni akikimbilia kwako amechoka, utamwambia rudi?" Pengine mliona ile picha iliyozunguka dunia Desemba 2021, twiga sita wamelala wamekufa, kule Sabuli katika Wajir, waliponasa kwenye matope ya bwawa lililokauka. Mzee huyo aliikumbuka. Alisema, "Ng'ombe wangu walikufa vivyo hivyo, lakini wao hawakupigwa picha."

Tulitamani pia kwenda Ishaqbini, upande wa Masalani, ambako wananchi walianzisha hifadhi mwaka 2007 kumlinda hirola, swala ambaye wanaobaki duniani kote wanakadiriwa kuwa takriban 500 tu. Wenyeji wetu walisema wakati ule haukufaa kwenda upande huo, nasi tukasikia. Huo ndio ushauri wetu wa kwanza kwa msafiri: mwenye nchi akisema usiende, usiende.

ILE CHAPA

Siku ya tatu tulikwenda kwenye soko la mifugo. Ni bahari ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mzee akatoa daftari lake la shule. Tuliogopa, tusidanganye. Tulidhani tutafukuzwa.

Mfanyabiashara mmoja mzee, ndevu nyekundu kwa hina, alichukua daftari, akaligeuza, akacheka kwamba tumechora juu chini. Akaita wenzake. Wakabishana dakika kumi. Kisha akasema, "Hii chapa ni ya watu tunaowajua. Mnataka nini nao?" Tukaeleza yote, tangu ndengu mpaka miche ya maembe. Hakukataa wala hakukubali. Akasema turudi siku ile tutakayotoka Wajir. Akaongeza, "Mwenye ngamia siku hizi anakaa mjini, ana duka. Wale vijana mliowafukuza ni wa mshahara. Wakipoteza ngamia, hawalipwi."

Hilo tulilibeba njia nzima. Kumbe tuliyemkasirikia shambani si yule aliyepaswa kujibu.

MODOGASHE

Kutoka Garissa tulishika barabara ya kaskazini, Nuno hadi Modogashe. Mathenge imejaa kando ya njia, ule mti wa miiba tulioambiwa miaka ile ni wa maendeleo. Sasa unaziba njia na kutoboa magurudumu. Letu lilitobolewa mara mbili.

Modogashe ni mji mdogo, na usipokuwa mwangalifu utaupita tu. Lakini jina lake linajulikana kwa kila mzee wa kaskazini. Tulipiga hema ndani ya ua wa familia moja, kwa maana kulala kando ya barabara si busara hata kidogo. Usiku, tukinywa chai, baba wa nyumba alituuliza sisi ni watu wa wapi. Tukasema Mwingi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Ninyi wa Mwingi na wenye ngamia mna mkataba gani?" Tukasema hatuna. Akashangaa sana.

Ndipo akatueleza habari za Azimio la Modogashe. Mwaka 2001, baada ya miaka mingi ya kuibiana na kuuana, viongozi na wazee kutoka Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na kwingineko walikutana katika mji ule wakaandika masharti. Mtu akitaka kuhamisha mifugo kwenda malisho ya wengine, aombe kwanza ruhusa kwa wenyeji. Asiende na silaha haramu. Mifugo walioibwa warudishwe. Mtu akiuawa, kuna fidia iliyotajwa kwa hesabu: ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Mama alipinga hapo hapo, akauliza kwa nini mwanamke ni nusu. Baba wa nyumba akacheka, mke wake hakucheka. Mkataba huo umekosolewa na kurekebishwa zaidi ya mara moja, na haukumaliza vita vyote. Lakini alituambia neno hili: "Kabla yake, ukikosewa ulichukua bunduki. Baada yake, unaanza kwa kuuliza: fulani yuko wapi tukae?"

WAJIR

Kutoka Modogashe tulipitia Habaswein. Upande wa magharibi kuna kinamasi cha Lorian, mahali ambapo mto Ewaso Ng'iro, unaoanzia kwenye milima ya baridi, unapotelea. Vumbi la Habaswein lilituingia mpaka kwenye meno.

Wajir ni mji wa visima. Chini kuna mawe ya chokaa, na maji hayako mbali, kwa hiyo watu wamechimba kwa mikono tangu zamani. Husemwa hata malkia wa Sheba aliwanywesha ngamia wake hapo. Tulikwenda kwenye visima vya Orahey alfajiri. Vijana wanavuta maji kwa ndoo na kuimba, ngamia wamepanga foleni wenyewe, hakuna anayesukuma. Mama, kwa macho ya uuguzi, aliona jambo jingine: maji yakiwa karibu hivyo, choo nacho kiko karibu na maji. Ndiyo sababu mji ule uliishi miaka mingi kwa vyoo vya ndoo, na ndiyo sababu kipindupindu kimewasumbua mara kwa mara. Kila mahali na mzigo wake.

Huko mama alitaka kujua habari za Annalena Tonelli, dada wa Kiitalia aliyefika Kenya mwaka 1969 akahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Wajir. Wafugaji walikuwa hawawezi kukaa hospitali mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo waliacha dawa njiani wakafa. Yeye alianzisha kijiji cha wagonjwa, mtu anakaa kwenye kibanda chake kama nyumbani, anameza dawa mbele ya muuguzi miezi sita, anapona. Njia ya namna hiyo baadaye ilienea duniani. Wauguzi wa umri wetu tulisoma habari hizo shuleni bila kujua zilitoka jangwani kwa jirani. Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuuawa, alikuwa miongoni mwa waliookota majeruhi na maiti na kuupasha ulimwengu habari. Tume ya ukweli ilisema katika ripoti yake ya 2013 kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Annalena aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Wazee wa Wajir bado wanamtaja kama mtu wa nyumbani.

Na kuna mama mwingine, wa Wajir hasa: Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa 1964. Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilipigana vibaya, mpaka sokoni mwanamke wa ukoo huu hawezi kuuzia wa ukoo ule. Yeye na akina mama wenzake walianza kidogo tu. Walikubaliana kwamba sokoni kila mama auze na kununua bila kuulizwa ukoo, na wakaweka watu wa kulinda neno hilo. Kisha wakawaendea wazee. Septemba 1993 wazee wa koo walitia sahihi Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 ikaundwa kamati moja ya amani na maendeleo, ndani yake wazee, akina mama, vijana, wafanyabiashara na watu wa serikali. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kwa ajali ya barabarani.

Tulikaa na mzee mmoja aliyezishuhudia siku zile. Mama alimwuliza: mlianzaje, hali kila mtu amefiwa? Akajibu, "Mama, hatukuanza kwa kusameheana. Tulianza kwa kuhesabu. Kila upande useme umepoteza nini, na useme umefanya nini. Hilo la pili ndilo gumu."

TULIPORUDI GARISSA

Mzee wa ndevu nyekundu alitimiza ahadi. Tulimkuta hotelini na mtu wa makamo, shati safi, simu mbili mezani. Huyo ndiye mwenye chapa.

Tulimpa salamu, tukampa chupa ya asali ya Mwingi na kilo tano za ndengu. Mzee akamwambia, "Hizi ni zile zilizobaki." Mtu yule akazitazama muda mrefu. Akasema naye alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake katika ukame ule, na kwamba aliwaambia vijana wafuate majani popote yalipo. Akauliza hasara ni kiasi gani. Tukataja magunia manne na miche 30 ya maembe. Mama akasema, "Hatutaki utuamini. Njoo uone mwenyewe."

Akasema, "Nitakuja. Lakini na mimi nina swali. Ngamia wangu jike, mwenye mimba, alikatwa mguu kwa panga kijijini kwenu. Tulimchinja njiani. Huyo nani atamhesabu?"

Ndugu zetu, chai ilitukwama kooni. Ngamia hubeba mimba miezi 13, na huzaa mara moja tu kwa miaka miwili hivi. Mfanyabiashara alisema jike wa namna ile hapungui shilingi laki moja. Tungeweza kusema hatujui. Lakini tulikuwapo asubuhi ile. Tuliona. Na wengi wenu mliokaa hapa mliona.

Tulisema, "Ni kweli. Alikatwa kwetu."

Mzee wa ndevu nyekundu akapumua. Akasema, "Sasa mnaweza kuongea."

YALIYOFUATA

Oktoba 2023 mtu yule alikuja kwetu na wenzake wawili. Mliwaona. Wengine mlifunga milango. Alitembea shamba lote kwa miguu, akahesabu mashimo ya miche. Alileta mbuzi wanne, na akaahidi wanne wengine. Mafuriko ya Novemba yakakata barabara, lakini tangu hapo hajakata mawasiliano. Kila mvua zinapochelewa anapiga simu kuuliza majani ya huku yakoje. Mara moja alitaka kuwaleta ngamia karibu na Nguni, tukamwambia ndengu bado hazijavunwa, na hakuwaleta. Mbuzi wale wanne hatujawaona, na hatutawadai kabla hatujaweka mezani habari za ngamia wake.

Kwa hiyo, mwenyekiti, haya ndiyo tunayoomba mkutano uyapokee:

1. Tuunde kamati ya pamoja, wazee, akina mama na vijana wetu pamoja na wenye ngamia wenyewe, si wachungaji wa mshahara peke yao.
2. Tuandike masharti mafupi: mwezi gani malisho yamefunguliwa, njia gani mifugo wapite, maji gani wanywe, na nani aombwe ruhusa.
3. Hasara ipimwe na watu wa pande zote mbili siku ileile, kabla mtu hajashika panga wala kupiga simu.
4. Kila mmoja wetu achange kidogo kulipia ngamia yule. Hatutamtaja aliyemkata. Tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyesema acha. Sisi wawili tumeanza kwa shilingi elfu kumi, ambazo mweka hazina anazo.

KWA ATAKAYE KUSAFIRI

Wengi mmeuliza juu ya hema, kwa hiyo kwa kifupi. Safirini mchana tu, na kabla ya kila siku ulizeni hali ya usalama kwa polisi, chifu na wenyeji. Msikaribie mpaka wa Somalia. Msilale porini, ombeni ua wa mtu. Bebeni maji lita 40, magurudumu mawili ya akiba, chandarua, na dawa ya kuhara. Vaeni nguo za heshima. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa ya watu. Mkikaribishwa chai, msikatae na msiharakishe. Nasi tulivyokwenda kwa hofu tulirudi tumenenepa.

Tunaketi hapa. Anayetaka kutupinga juu ya jambo la nne asimame sasa, aseme, tutamsikiliza. 

Maswali ya kujadili kikundini:
- Katika eneo lenu, ni nani mnayemkasirikia ambaye hamjawahi kukaa naye?
- Mkihesabu mliyopoteza, je, mmehesabu na mliyofanya?
- Masharti gani matatu mngeyaandika kwanza kuhusu malisho na maji?